Kombe Lililonijazia Jiko

Walisema sitaweza kupika wali wa watu zaidi ya wanne. Walisema diploma yangu ya mapishi ingefaa kufunikia kikombe cha chai kisiingie nzi, na Birmingham yenyewe nzi ni wa kutafuta. Walisema mtoto wa Tanga aliyefika Uingereza hajui hata kuwasha jiko la umeme, akaishia kuosha sahani za mkahawa wa Wapakistani kule Balsall Heath, hawezi kugeuka mpishi wa harusi kwa sababu tu chuo kimempigia muhuri. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa fundi wa mafriji wa mtaa wa Hockley, Msomali aliyekulia Nairobi, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki.

"Diploma?" aliniuliza siku niliyomwonyesha. "Hiyo unaikaanga ama unaichemsha?"

Msomaji ajue tangu hapa kwamba walikosea. Leo niko nyumbani Tanga, nina jiko langu, na watu huweka miadi na mimi kabla hawajamwona kadhi. Lakini nataka kueleza ilivyokuwa, maana vijana wengi wanaoniuliza hudhani nilirudi na bahati. Nilirudi na kazi ya mikono yangu, na kazi hiyo ilianzia kwenye mpira.

Shida yangu ilikuwa vyombo. Diploma niliisoma jioni, baada ya kuosha vyombo vya wengine mchana kutwa, na niliipata kwa alama ambazo mwalimu alizisoma mbele ya darasa zima. Lakini mwenye harusi hakuulizi alama. Anauliza, "Sufuria za biriani unazo?" Nami nilikuwa na sufuria moja ya chai na kikaango kilicholegea mkono. Ili nipate harusi nilihitaji vyombo, na ili nipate vyombo nilihitaji harusi. Nilizunguka humo kama ng'ombe wa kinu.

Jumamosi tulikuwa tukikutana kwenye karakana ya yule fundi. Alisukuma mafriji mabovu ukutani, akatundika shuka jeupe, akawasha projekta, na Waswahili wa kila namna wakaja: Wakenya, Watanzania, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake na timu yake. Ligi tuliitazama kwa ubishi wa kawaida. Kombe ndilo lililotutia wazimu. Kombe lile la Waingereza ni la mtoano: ukifungwa mara moja, safari imekwisha, hata uwe bingwa wa dunia. Linaanza mapema na timu za mafundi bomba na walimu wa shule, kisha Januari wakubwa wanaingia, na hapo ndipo vigogo hudondoka.

Mwaka ule kigogo wa kwanza kudondoka alikuwa wangu. Timu yangu ilifungwa na timu ya mji mdogo ambao hakuna hata mmoja pale karakanani aliyeweza kusema uko upande gani wa nchi. Kipenga cha mwisho kilipolia, fundi alinipa ufagio.

"Kazi yako msimu huu imekwisha, mpishi wa karatasi. Fagia uende ulale."

Mtu mwingine angefagia. Mimi nilisimama juu ya kreti.

"Sikilizeni," nikasema. "Ni kweli nimetolewa. Basi nitawapikia kila raundi mpaka fainali. Vyakula tutachanga kama siku zote. Lakini kuanzia leo, kila ambaye timu yake itatolewa ataniazima chombo kimoja cha jikoni, nikitumie mpaka kombe liishe."

"Na ambaye hatatolewa?" aliuliza Mkongo mmoja, msambaza vifurushi, mtu mrefu mpole aliyekuwa akikaa mbele kabisa.

"Atakula tu."

Walicheka, wakakubali, kwa kuwa kila mmoja aliamini chombo kitatoka kwa mwenzake. Hiyo ndiyo akili ya mashabiki, na mimi niliijua.

Vyombo vikaanza kuja. Mwanafunzi wa Mombasa alitolewa, akaleta mwiko mrefu wa mti. Kaka wawili wa Kigoma walitolewa siku moja, wakaleta chungio na sinia. Fundi mwenyewe alitolewa kwa penalti na akakataa katakata.

"Penalti si mpira, hiyo ni bahati nasibu! Sileti hata kijiko."

"Umetolewa au hujatolewa?"

"Nimeonewa."

"Basi lete chombo, kama wenzako walioonewa."

Wiki iliyofuata alilisukuma jiko kubwa la gesi la miguu mitatu hadi uani nyuma ya karakana, akaliunganisha mwenyewe, na kwa kuwa ni fundi, likawaka moto wa samawati safi usiotoa moshi. Alisema anafanya hivyo ili nisiunguze jengo. Nilimshukuru kwa bakuli la kwanza la maharage ya nazi. Alilila akiwa amenigeuzia mgongo.

Ndipo likaja suala la mama wa Acocks Green. Alikuwa Mzanzibari, mke wa mfanyabiashara, mtu wa heshima zake, na shabiki mkali kuliko mwanamume yeyote pale. Alikuwa akija na binti zake, anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, buibui limenyooka, anamtukana mwamuzi kwa adabu. Timu yake ilipofika dakika za mwisho ikiwa nyuma, sote tulianza kumtazama, maana tulijua nyumbani kwake kuna sufuria ya biriani iliyosafiri kutoka Unguja. Dakika ya mwisho timu yake ikasawazisha.

"Sare!" akasema, akikunja kiti. "Sare si kutolewa. Sufuria yangu imelala kwangu."

Katika kombe lile, sare maana yake marudiano. Waliporudiana, siku ya kazi jioni, watu walinijia na swali: marudiano ni raundi mpya, au ni raundi ileile ambayo tumeshaila? Walibishana kama mawakili. Mimi nilikaanga mahamri nikawaziba midomo. Timu ya mama ilifungwa bila kujibu. Akanitazama.

"Njoo kesho uichukue. Na uje na mtu, haibebwi na mmoja."

Nilipokwenda Acocks Green, nilikuta sufuria imeoshwa ikangaa, na chini ya kitako chake alama ya rangi nyekundu ya kucha, kama wanawake wetu wanavyofanya shughulini ili vyombo visipotezane. Alinitazama nikiikagua, nikigonga kingo zake kusikiliza kama kuna ufa.

"Unajua vyombo," akasema. "Kupika je?"

"Shikamoo tena, mama. Binti yako anaolewa baada ya Idi. Nipe harusi hiyo."

"Harusi ya mwanangu? Nishazungumza na mpishi wa London, baba."

"Amekupikia?"

Alicheka. "Hebu tufanye hivi. Fainali inaangukia Ramadhani. Nitakuja na wakwe zangu, tutafuturu hapo hapo kwenye mafriji yenu. Utupikie biriani. Ikinipendeza, harusi yako. Isiponipendeza, sufuria yangu unairudisha usiku ule ule, na wa London anakuja. Tusikilizane?"

"Tumesikilizana."

Nilitoka pale nimebeba sufuria upande mmoja na Mkongo upande wa pili. Yeye ndiye niliyeenda naye, maana timu yake ilikuwa bado hai na alikuwa na gari la vifurushi.

Aprili nusu fainali zilipokwisha, ua wa karakana ulikuwa kama jiko la shughuli ya Ngamiani, kwetu Tanga. Masinia, majungu, visu, miiko, kinu na mchi, hata birika la kahawa. Vyote vya waliofungwa. Timu iliyobaki na mtu kwetu ilikuwa moja tu, ya Mkongo, nayo ikaingia fainali.

Fainali ilichezwa Jumamosi jioni, nasi tuna siku chache tu za mfungo. Mei ya Birmingham jua halitaki kuzama. Mpira unakwisha na bado una muda mrefu wa kusubiri adhana. Biriani nilianza adhuhuri. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia na kukatika vikiguswa, nikaroweka nyama kwa maziwa ya mgando, nikapanga viazi. Kila kitu nilikijua kwa pua na kwa jicho. Kitu kimoja sikuweza kukijua: chumvi. Nilikuwa nimefunga. Wapo wanaosema mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Sikutaka mjadala huo siku ile. Nilitaka funga yangu iwe safi na biriani yangu pia.

Pale karakanani, asiyefunga alikuwa mmoja: Mkongo, ambaye ni Mkristo. Na timu yake ilikuwa inacheza fainali.

"Ndugu yangu, nionjee."

"Sasa hivi? Non, non. Niache kwanza niangalie mupira."

Alikuja mapumziko. Timu yake ilikuwa imefungwa bao moja na uso wake ulikuwa umeanguka. Nilimpa kijiko cha rojo. Akatafuna, akatazama juu, akatikisa kichwa.

"Chumvi haiko. Hata kidogo."

Fundi, aliyekuwa mlangoni, akapiga kelele. "Usimsikize huyo! Amefungwa! Mtu akifungwa hata asali haisikii. Ukiongeza chumvi utatuua na kiu usiku mzima, halafu huyo mama akufukuze."

Niliwatazama wote wawili. Chumvi nilikuwa nimetia kwa kipimo changu. Lakini viazi hunywa chumvi, na siku ile nilikuwa nimeongeza viazi kwa sababu wakwe walikuja wengi kuliko nilivyoambiwa. Nikiongeza na Mkongo amekosea, hakuna dawa, chumvi haitolewi. Nisipoongeza na amesema kweli, nitamlisha mama yule biriani ya hospitali mbele ya wakwe zake. Pembeni nilimwona ameshafika, anatafuta pa kuweka kiti chake cha kukunja.

Hapa ndipo elimu inapomtenga mtu na kelele. Chuoni tulifundishwa kwamba kabla hujauamini ulimi, uupime. Nilichukua glasi mbili za maji. Moja nikaitia chembe za chumvi, chache mno, nyingine nikaiacha. Nikampa Mkongo zote mbili.

"Ipi ina chumvi?"

"Ndugu, mupira umeanza!"

"Ipi?"

Akapiga funda hapa na funda pale. "Hii ya kuume. Ni kidogo sana, lakini iko. Sasa niache!"

Ilikuwa ya kuume. Ulimi wa mtu yule ulikuwa mzima hata kama moyo wake ulikuwa na bao moja kifuani. Nikatia chumvi kwenye rojo, nikachanganya taratibu nisivunje viazi, nikatandaza wali juu, zafarani juu ya wali, nikaziba mfuniko kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke. Baada ya hapo kilichobaki ni Mungu na moto mdogo.

Timu ya Mkongo haikusawazisha. Mpira ulipokwisha nilimwambia aende akale kitu, kwani yeye hakufunga. Akakataa.

"Ntakulaje mbele ya watu wote wenye njaa? Nitangoja pamoja nanyi."

Akangoja kweli mpaka adhana ilipolia kwenye simu ya fundi. Tukala tende, tukanywa maji, tukasali kwenye mikeka iliyotandikwa kati ya mafriji. Kisha nikavunja ule unga. Harufu ilipotoka, wakwe waliacha mazungumzo katikati ya neno. Nimepika harusi nyingi tangu hapo, lakini ukimya ule ndio ninaoupenda.

Nilimpakulia mama mwenyewe. Alikula tonge la kwanza akiangalia sahani, la pili akiangalia wakwe zake, la tatu hakuangalia kitu. Alipomaliza akaomba sahani nyingine aifunike apeleke nyumbani, kwa mumewe aliyebaki dukani.

"Kijana," akasema akiwa mlangoni, "yule wa London nitampigia kesho, nimwambie apumzike."

"Na sufuria, mama?"

"Ukae nayo mpaka harusi. Utapikia nini, mkono?"

Fundi hakuniomba radhi, si tabia yake. Alikomba ukoko wa sufuria kwa kucha, akasema lazima mtu ahakikishe hakuna kilichobaki. Na Mkongo, kwa kuwa kanuni ni kanuni, kesho yake aliniletea sufuria nzito ya chuma anayosongea fufu, ingawa kombe lilikuwa limekwisha. Niliipokea, na wengine nao wakaniachia vyao mpaka nijipatie vyangu. Niliitumia kukaangia vitunguu vya harusi.

Harusi ile ilizaa harusi mbili, na hizo zikazaa nyingine, na kabla majani hayajaanza kuanguka nilikuwa na vyombo vyangu mwenyewe, vipya, vimepangwa kwenye rafu ya karakana. Siku vilipotimia niliazima kitu kimoja tu, gari la Mkongo, na nikaanza kurudisha.

Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Nilikesha napika. Mwiko wa mwanafunzi niliufunga juu ya mfuko wa kaimati. Chungio na sinia za wale kaka wa Kigoma zilirudi na samaki wa kupaka. Jiko la fundi halijazwi, kwa hiyo nililisugua mpaka likawa jeupe kuliko lilivyotoka kiwandani, nikaweka juu yake sahani ya sambusa. Alizihesabu mbele yangu akasema ni chache. Sufuria ya chuma ilirudi na mchuzi wa kuku wenye pilipili nyingi, kama mwenyewe anavyopenda, na ya mama wa Acocks Green niliipeleka mwisho, imejaa pilau hadi shingoni. Aliinua mfuniko pale pale kizingitini, mvuke ukampiga miwani.

"Mashallah. Huna deni, mwanangu."

Sikuwa nalo, kwa yeyote katika mji ule. Nilirudi kwenye gari, nikafungua kioo, nikaendesha kuelekea Hockley kasi kuliko nilivyokuja, kwa kuwa nyuma hakukuwa na kitu cha kumwagika.