Mkono Nilioung'ata

Hapa mjini Likasi wanasema Papa Barthélemy alinishika vibaya kwenye lifti. Uongo mtupu, na aliyeuacha usambae ni mimi, Mathilde, karani wa ghorofa ya nne.

Papa Barthélemy ndiye mfagiaji wa jumba letu. Zamani, kwa miaka ishirini na tisa, alikuwa mpiga kengele mgodini: wenzake wakiingia kwenye kizimba cha kuwashusha shimoni, yeye ndiye aliyetoa ishara kishuke au kisimame. Kazi ilipokwisha akashika ufagio. Kila asubuhi aliisikiliza lifti kwanza kabla ya kuingia, nasi wenye haraka tulimcheka.

Siku hiyo tulipanda wawili tu. Umeme ukakatika tukiwa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Haraka haraka haina baraka, lakini kamwambie hayo mtu aliyefungiwa gizani kwenye sanduku la chuma! Nikapiga kelele kwamba hewa inaisha.

"Hewa haiishake, mama. Iko inaingia. Ikala chini, tungoje," akasema.

Mlinzi wetu, Gauthier, akaja na chuma, akaibandua milango kutoka ghorofa ya tatu. Sakafu ya ghorofa hiyo ilikuwa usawa wa kifua changu.

"Madame, pita! Nipatie mikono!"

Nikajivuta, nikapitisha kichwa na mabega. Papa Barthélemy akanikamata kiunoni.

"Hapana! Courant ya umeme ikirudia, lifti itatembea, itakukata!"

Nilipandwa na hasira. Nikageuka, nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu. Hakuniachia. Alinivuta mpaka tukaanguka wote chini. Sijamaliza kumtukana, taa zikawaka, na lifti ikashuka milango ikiwa wazi. Ule upenyo niliokuwa nimelalia ukafungwa mbele ya macho yangu.

Baadaye fundi alituambia kwamba kifaa cha kuizuia lifti isiende milango ikiwa wazi kilikuwa kimezimwa kwa kuunganishwa waya, ili isiwe inakwamakwama. Waliofanya hivyo waliona kukwama ndiko hatari, wajinga wale!

Kule chini watu walinikuta nalia, gauni limechanika, naye anavuja damu. Wakaanza kumzomea. Alinitazama mara moja tu. Nami, Mungu anisamehe, niliona haya kusema kwamba nilimng'ata mtu aliyeniokoa, nikanyamaza. Kesho yake wakamfukuza kazi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake na bandeji. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

Akaninyoshea mkono nilioung'ata.

"Kule mu mugodi, siku moja cage ya kushuka shimoni ilikwama vile vile. Symphorien, rafiki yangu, alikuwa ndani. Aliniuliza kama anaweza kutoka. Miye njo nilimuambia: toka. Alitoka nusu, cage ikashuka, ikamukata."

Nikaanza kulia. Yeye alikuwa anatazama alama za meno yangu.

"Weye ulining'ata, mama. Yeye, sikumushika."