Fundi wa Tulia Aliyelaumu Tepu

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza la duka moja sokoni Tulia, Kaunti ya Kitui, fundi wa nguo Mbinya Kivuva anampima mwanafunzi sketi. Kiuno tayari, urefu tayari. Kisha anamwambia asimame wima na anyooshe mikono pande zote.

"Kwani sketi iko na mikono?" mama wa msichana anamtania.

Mbinya hacheki. Anapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, anashusha pumzi. "Huyu yuko sawa."

Siku hizi hakuna mtoto anayemwacha bila kipimo hicho. Amechelewa kukijua, na jambo hilo linamtafuna.

Miaka miwili iliyopita alimshonea bintiye, Wayua, joho la kwaya ya kanisa lao. Joho hilo lina mikono mipana, hivyo mtu hupimwa akiwa amenyoosha mikono yake. Wayua, wakati huo miaka kumi na mitatu, alikuwa na urefu wa inchi sabini. Mikono, ncha hadi ncha, ilitoa sabini na tano, ilhali kwa kawaida hukaribiana na urefu wa mtu.

"Nikasema tepu imevutika," asema Mbinya, 41. "Nikatupa, nikanunua ingine. Ikasema tu vile vile. Nikaona ni mtoto anachezacheza, nikakata kitambaa na macho."

Joho likatoka fupi mikononi. Kanisa zima likacheka, naye akacheka.

Mwaka huu Wayua alianguka uwanjani akicheza voliboli. Hospitalini, daktari alimnyoosha mikono na kumpima kama afanyavyo fundi. Ni ugonjwa wa Marfan, akasema. Hurithiwa, hurefusha mifupa na kudhoofisha mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Wa Wayua umepanuka, na unaweza kupasuka.

Ndipo Mbinya akamkumbuka mumewe, mrefu vilevile, aliyeanguka shambani na kufa akiwa na miaka 36. Majirani walisema amerogwa.

"Suruali zake nilishona mimi. Wote wawili nimewapima na hii mikono yangu, na sikuona kitu," asema, machozi yakimtoka.

Wayua anameza vidonge akingoja upasuaji Nairobi. Tarehe imeahirishwa mara mbili, na usiku mamake huamka kusikiliza kama anapumua.

Kwenye cherehani kuna kitambaa cha zambarau, joho jipya la Krismasi. Safari hii amefuata tepu, inchi sabini na tisa. Pindo la chini ameliacha pana, inchi nne nzima.

"Wayua ananiuliza, 'Mum, mbona pindo kubwa hivi?' Namwambia ni ya kuteremsha mwaka ujao," asema. "Mimi sitaki kitu ingine. Nataka tu nifike siku ya kuiteremsha."