Kijiko cha Mama Hamira

Hebu mwone siku zile akiingia uani kabla jua halijatoka: kitambaa kichwani, beseni kiunoni, anaimba kwa sauti ya kukwaruza. Huyo ndiye Mama Hamira. Alioka mikate miaka ishirini, akachoka na tanuri, akafuga kuku mia wa mayai.

Msimu wa joto uliopita, kuku thelathini walikufa wakihema midomo wazi. Mumewe, fundi baiskeli, akatoa sharti: "Wakifa tena, banda ni karakana yangu." Mama Hamira akakubali, kisha akaenda kwa daktari wa mifugo, akarudi na kopo la vitamini za unga za kuchanganya kwenye chakula.

"Wifi, kuku unawapa vitamini, kaka yangu hujampa hata kidonge!" wifi yake akamchokoza.

"Kaka yako atage kwanza."

Kuchanganya alikujua tangu enzi za hamira: kijiko kwenye kikombe cha pumba, kikombe kwenye beseni, beseni kwenye gunia la chakula. Na chakula alfajiri na jioni tu, maana kuku mwenye joto hali mchana.

Joto likaja. Siku ya tatu akaenda kumwona mjukuu mchanga, kazi akamwachia fundi. Fundi akalala hadi jua kali, akamimina unga wote wa vitamini juu ya gunia, akakoroga mara mbili, akawawekea kuku saa sita mchana.

Mama Hamira aliporudi, chakula hakijaguswa, kuku wanahema, vitamini zimerundikana pembeni.

"Baba watoto, hiki chakula au umewapaka poda?"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Kunisaidia, au kujichukulia banda?"

Loo! Fundi alinywea. Alichukua ndoo, akamwagia maji magunia yaliyotandikwa juu ya paa la banda kupunguza joto, akabadilisha maji ya kunywa, huku mkewe akichanganya upya, kijiko kwa kikombe. Jua lilipozama kuku wakashuka kula, wanadonoa kama mvua juu ya bati.

Joto lilidumu siku nane zaidi. Hakufa hata kuku mmoja, na mayai yakawa na ganda gumu la kugonga mara mbili.

Siku hizi anayetangulia bandani alfajiri ni fundi, kijiko mkononi, akiwaita kuku "wanangu." Mkewe humsikia kutoka kitandani, akacheka, akajigeuza upande wa pili.

Sasa niambie wewe: banda lile amelitwaa nani?