Mchezo Aliokwisha Kuutazama

Uwanja wa kikapu wa parokia yetu uko nyuma ya kanisa, kwenye mteremko, na mpira ukimponyoka mtu hausimami mpaka kwenye migomba ya chini. Tuliachiwa na padre mmoja mgeni aliyependa mchezo huo kuliko chakula. Nilikuwa katekista kijana. Alinifundisha kikapu pamoja na mambo mengine, na siku ya kuondoka alinipa filimbi yake. Tangu hapo nimewafundisha wasichana wa parokia kuzuia. Kufunga, niliwaambia, ni karama, mmoja anayo na mwingine hana. Kuzuia ni wajibu, na kila mtu anaweza kuubeba. Niliwafundisha neno moja la kuita uwanjani: "Nipo!" Mwenzako akipitwa, unamwambia nipo, na unakuwepo kweli.

Jirani yangu hakukubaliana nami hata siku moja. Ni mwalimu mstaafu. Kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, na changu vinagawanywa na safu ya masale waliyoipanda baba zetu. Tulipata kipaimara siku moja, na tunaitana meku, kama wazee wa kwetu wanavyoitana.

"Meku, kikombe hawapewi waliozuia vizuri," alikuwa akisema. "Wanapewa waliofunga mengi."

"Na waliofungwa machache?"

"Hao wanapewa pole."

Kila Juni, ligi kubwa ya Marekani ikifika fainali, ubishi huu ulipamba moto. Kwao ni jioni, kwetu ni kabla ya mapambazuko, saa ambazo mimi niko kwenye sala na baadaye Misa. Yeye ana televisheni na king'amuzi sebuleni kwake. Zamani, nilipomweleza kwamba siwezi kuacha sala kwa ajili ya mpira, alinijibu, "Basi nami sitazami bila wewe. Tutasubiri marudio alasiri." Nilimshukuru Mungu kwa neno lile. Mtu ana mchezo ndani ya nyumba yake, anauacha ili aucheke na kuulilia pamoja na mwenzake! Watoto wa kipaimara niliwapa mfano wake nilipowafundisha uaminifu, bila kumtaja.

Jambo moja nililizoea kwake. Mpira ukiwa hewani, kila mtu akishika roho, yeye hakuutazama. Alinitazama mimi. Niliona ni upendo.

Mwaka huu paroko alichoka nasi. Jirani alikuwa ameanza kunisaidia uwanjani, na wasichana walisikia sauti mbili: mimi nasema rudini mzuie, yeye anasema tupeni kikapuni kutoka mbali. Mashindano ya dekania, ya parokia zote za jirani, yalikuwa yamekaribia. "Wazee wangu," paroko alisema, "amueni wenyewe, timu iwe na mwalimu mmoja."

Fainali za Marekani zilikuwa zinaanza, timu moja ikisifiwa kwa kuzuia na nyingine kwa kufunga. Tukakubaliana: wazuiaji wakichukua ubingwa, timu inabaki kwangu. Wafungaji wakiuchukua, ni yake.

Mchezo wa kwanza alisema, "Leo wangu wanashinda, lakini kwa jasho." Wakashinda kwa jasho. Wa pili akasema, "Leo mnatupiga, meku, jiandae kuringa." Tukawapiga. Ikawa hivyo kila alasiri. Hata mchezaji atakayeumia mguu alimhisi mapema: "Yule naona hatamaliza." Hakumaliza. Nikaanza kumwogopa. Nilijiambia kwamba huyu mtu anaujua mchezo, nami miaka yote nimekuwa nikishika filimbi tu.

Timu zile zikafika mchezo wa mwisho zikiwa sawa. Asubuhi ya siku hiyo nilitoka Misa nikaenda uwanjani kuwanoa wasichana, nikamkuta amenitangulia, koti amelivaa juu ya nguo za kulalia.

"Tumsifu Yesu Kristo, meku."

"Milele amina. Mbona mapema?"

"Kwa nini tusubiri alasiri? Mashindano hayatungoji. Mchezo wa leo ni wetu, wafungaji wanaubeba. Kuna siku nimekosea?"

Hakuna siku aliyokuwa amekosea. Nikapiga filimbi, nikawakusanya wasichana, nikawaambia kwamba nimewafundisha kadiri ya akili yangu, na kwamba akili yangu ilikuwa na kasoro. Anayeujua mchezo, niliwaambia, ni babu yenu huyu. Nikaivua filimbi shingoni, nikampa. Nahodha wetu, binti asiyefunga sana lakini asiyepitwa na mtu, alikuwa akiangalia chini. Kabla sijatoka kwenye geti nilisikia anaambiwa akae benchi, kwa sababu yeye hatupi mpira kutoka mbali.

Alasiri nilikwenda kwa jirani kama kawaida. Mkewe alikuwa jikoni na chungu cha mtori wa ndizi.

"Karibu, shemeji. Afadhali umekuja umtulize. Tangu alfajiri hajala. Alizima televisheni, akasema wazuiaji wako wamemharibia kila kitu, akavaa koti akakimbilia uwanjani kwenu."

Nilisimama na kofia mkononi. Mume wake alikuwa amefika mlangoni.

"Mama," alisema, "mtori unaungua."

"Hauungui. Nimesema nini kibaya?"

Niliingia, nikakaa kwenye kiti changu, nikamwambia awashe. Nilitaka kuona. Dakika za mwisho yule mfungaji wake hodari alikwenda kikapuni, akakuta mikono miwili. Akatoa pasi, aliyeipokea akakuta mwingine ameshafika. Mpira ukarudi kwake na muda ukaisha akiwa bado anatafuta upenyo. Wazuiaji walihama kila mmoja kumfunika mwenzake, bila kugeuka kuangalia nyuma kama kuna mtu. Mchezo niliouamini maisha yangu yote ulikuwa mbele yangu, nami sikuweza kuufurahia.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"Na mwaka jana? Na ule mwingine?"

"Uzee, meku. Usingizi hauji. Nikawa nawasha kidogo tu, sauti chini."

"Tangu lini?"

Akaangalia televisheni iliyokuwa ikionyesha tangazo la sabuni.

"Basi nirudishie timu."

"Timu umeikabidhi mwenyewe, meku. Mbele ya watoto."

Siku iliyofuata alikuja kwangu na jani la sale alilolikata mpakani petu, amelifunga fundo. Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu jani hilo ni ombi la msamaha, na anayeletewa halikatai, hata kama amemwagiwa damu. Nililipokea kwa mikono miwili. Nilimwomba kitu kimoja: aende akawaambie wasichana ukweli.

"Niombe kingine," alisema. "Mbele ya watoto wale nitaonekana nani?"

Sale nilikuwa nimeshalipokea. Aliyesamehe kwa sale hamtangazi mwenzake, kwa hiyo hata mimi mdomo wangu ulifungwa. Nadhani alilijua hilo tangu alipolikata. Kwa siku kadhaa Baba Yetu ilinikwama palepale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi niliyewafundisha wengine kuisali.

Timu ilikwenda dekania, ikatupa kutoka mbali, ikachukua kombe. Namshukuru Mungu kwa furaha ya watoto wale, na sitasema hawakustahili. Walimbeba jirani juujuu. Nahodha, ambaye hakuinuka benchi mchezo mzima, alinijia na kunisalimia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe kweli kuzuia hakuna faida. Bora ulituambia mapema."

Nilimshika kichwa nikambariki. Sikuwa na ruhusa ya neno lingine.

Bado ananiita kutazama, kwa sababu ligi hazikomi na sisi ni majirani. Nakwenda. Mkewe ananipa mtori, hanitazami usoni. Kabla hajawasha namuuliza, "Umeshautazama?" naye anajibu, "Bado, meku, haki ya Mungu." Huenda ni kweli. Kisha mtu anarusha mpira kutoka mbali, unazunguka hewani, na ninapomgeukia nakuta ananitazama. Zamani ningesema ni upendo.