Glasi Mkononi mwa Benta

Nyanchoka ndiye aliyemfundisha Benta kushona. Kila mtu katika soko la Migori alijua hivyo, na asiyejua, Nyanchoka alimwambia mwenyewe. Benta alimjia mwaka wa tisini na moja, mjane mchanga kutoka Karungu, mtoto mgongoni, hajui hata kutia uzi kwenye cherehani. Nyanchoka alimketisha kando yake, akamwonyesha kukata kola, kukunja pindo, kutia zipu isiyojipinda. Akampeleka hadi kanisani kwao, kwa Wasabato, na siku Benta alipobatizwa mtoni, Nyanchoka ndiye aliyesimama ukingoni na leso ya kumfunika.

Kwa hivyo mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, kikundi chao cha mafundi wanawake kilipoalikwa na shirika moja la Nairobi kutuma mtu mmoja Cape Town kwa ziara ya mafunzo ya wiki mbili, Nyanchoka hakuwa na wasiwasi. Yeye ndiye mwenyekiti. Alijishonea sketi ya buluu ya safari kabla hata jina halijatajwa.

Kisha akaja msichana mmoja wa shirika hilo, anaitwa Liz, na faili yake, akawauliza Nyanchoka na Benta maswali kwa Kiingereza. Nyanchoka aliacha shule darasa la saba. Maswali aliyaelewa, majibu ndiyo yaliyokwama kooni. Benta, aliyemaliza kidato cha nne, alijibu kama mtu anayeagiza chai. Barua ilipokuja, ilikuwa na jina la Benta.

"Mama Osoro, usinikasirikie," Benta alimwambia Nyanchoka, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mimi sikuomba."

"Nikukasirikie kwa nini? Enda tu. Mungu amekuona."

Na kwa sababu watu walikuwa wakiwatazama, Nyanchoka akaitoa ile sketi ya buluu kwenye mfuko, akampa.

Benta alirudi mwezi wa tatu, na kwa siku nyingi soko lote lilikuwa kwenye cherehani yake. Aliwasimulia mlima uliokatwa juu ukawa bapa kama meza. Aliwasimulia kisiwa walichofungiwa wafungwa, ambacho alikifikia kwa meli huku akitapika njia nzima. Aliwasimulia ufuo wenye mchanga mweupe na maji ya baridi, bila hata dagaa mmoja wa omena aliyeanikwa, na ndege wasiojua kuruka, wanaotembea wima kama wazee wa kanisa. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nyanchoka alikanyaga cherehani yake kwa nguvu, akashona mshono mmoja mara mbili.

Siku moja mchana, wakila viazi vitamu wawili tu, Benta alimsimulia habari za mashamba ya mizabibu.

"Mistari imenyooka, Mama Osoro, ungedhani ni wewe umeichora kwa chaki. Tulifika wakati wa kuvuna. Wakatuletea divai tuonje. Nikakataa. Wenzangu wakanicheka. Basi mama mmoja mzee, mchumaji, akakamua zabibu pale pale, akanitilia maji yake kwenye glasi. Tamu hadi nikakohoa."

Akamwonyesha picha. Benta amesimama katikati ya mizabibu, glasi yenye maji mekundu mkononi, anacheka, amevaa sketi ya buluu. Nyanchoka aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Sketi yake ilikuwa imefika Cape Town. Yeye hakuwa amefika popote.

Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini wateja walianza kuuliza, "Yule wa Cape Town yuko?" Hata Gesare, aliyekuwa ameshonewa na Nyanchoka miaka minane, harusi na matanga, alimpita siku moja na kitambaa chake kwapani, akasalimu vizuri, akaenda kuketi kwa Benta. Alitaka mtindo wa huko. Siku hiyo Nyanchoka hakuweza kula. Jioni akamwambia Benta, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe ile picha ya zabibu nikawaonyeshe watoto."

Benta akampa bila kuuliza. Nyanchoka akaipeleka kwa Mzee Nyakundi, mzee wa kanisa lao lisiloruhusu pombe.

"Mimi sisemi kitu, Mzee," alisema. "Naonyesha tu."

Benta aliitwa Sabato iliyofuata, baada ya ibada. Wazee watano waliketi kwenye benchi la mbele, Nyanchoka nyuma yao, picha ikapita mkono kwa mkono. Benta alieleza kama alivyoeleza wakila viazi, yule mama mchumaji na kila kitu.

"Nani anaweza kusema ni maji ya zabibu tu?" Mzee Nyakundi akauliza. "Picha haina ladha."

"Mama Osoro anajua," Benta akasema. "Nilimwambia kitambo, kabla ya haya maneno. Mtu hawezi kutunga uongo wa kesi ambayo haijakuja."

Wote wakamgeukia Nyanchoka. Alikumbuka kila neno, hata kile kikohozi. Alimwona Benta akimtazama bila woga wowote, kama mtu anayengoja arudishiwe chenji yake.

"Sikumbuki," Nyanchoka alisema. "Kazi ni nyingi. Mtu anasikia mengi."

Benta aliondolewa kwenye kwaya na kutengwa na ushirika wa kanisa miezi sita. Hakubishana. Mwezi wa sita alifunga cherehani yake kwa kamba, akahamia Homa Bay kwa shangazi yake.

Wateja walirudi. Gesare alirudi. Nyanchoka alingoja raha ije, na kilichokuja ni habari kwamba Benta amefungua duka karibu na ziwa, dirisha linatazama maji. Moyo ukamuuma upya, kana kwamba yule mwanamke alifukuzwa ili akapate dirisha.

Mwezi wa tisa ikafika Sabato ya meza ya Bwana. Kwao, kabla ya mkate na kikombe, wanawake hutawadhana miguu, wawili wawili. Kwa miaka sita Nyanchoka alikuwa ametawadhana na Benta, na hakuwahi kutafuta mwenzake. Siku hiyo wanawake walijipanga, mabeseni yakajaa, naye akabaki ameketi viatu miguuni. Nyamusi, mke wa shemasi, akamwita, "Njoo kwangu, tutakuwa watatu." Nyanchoka akainuka, lakini hakwenda kwa Nyamusi. Alitoka, akamngoja Mzee Nyakundi mlangoni mpaka ibada ikaisha.

"Aliniambia ni maji ya zabibu," alisema. "Nilikumbuka siku ile ile."

Mzee akamuuliza kama yuko tayari kulisema mbele ya watu. Alilisema. Hakuna aliyemzomea, na hakuna aliyemshika mkono. Adhabu ya Benta ikafutwa, ikaandikwa barua, na Nyanchoka akaomba aipeleke mwenyewe pamoja na ile picha.

Homa Bay alilikuta duka upesi. Cherehani zilikuwa mbili, na sare za shule zimepangwa hadi darini. Kupitia dirishani ziwa liling'aa. Benta alisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaitia chini ya mkasi.

"Nilijua unakumbuka," alisema. "Nilikuangalia machoni."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ni wewe ulinileta kanisani pale."

Nyanchoka alitaka kuomba msamaha kama alivyojipanga njiani, lakini macho yalimpeleka kwenye sare, kwenye cherehani ya pili, kwenye maji.

"Benta, nisikudanganye tena. Hata sasa hivi, nikiona hili duka, roho inaniuma."

Benta alitoa kikombe.

"Basi iume," alisema. "Keti unywe chai. Gari ya kurudi kupitia Rongo inaondoka saa tisa."

Nyanchoka aliketi. Chai ilikuwa na maziwa mengi. Hawakuzungumzia kanisa tena, wala Benta hakusema kama atarudi Migori, na kwa kweli hakurudi. Alijiunga na Wasabato wa huko. Lakini saa nane ilipopita, Nyanchoka aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, kama yale maji ya bahari ya Cape Town yalikuwa baridi kweli.

"Baridi hadi kwenye mifupa," Benta akasema, akavuta kiti.