Tiki Moja kwenye Salfa

Leo nimeondoa tiki moja kwenye kompyuta ya duka. Basi.

Mama Zuhura wa Mnyambe kaja Newala na risiti yangu.

"Mwanangu, salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, haina VAT. Mbona wewe umenikata?"

Nikafungua programu. Kumbe siku naingiza bidhaa niliweka tiki ya VAT kwa zote kwa mkupuo: mabati, misumari, hadi salfa.

Msimu mzima.

Nikamwomba radhi, nikamrudishia kilichozidi.

Akapokea. "Nilitaka mifuko mitatu, hela ikatosha miwili. Mikorosho ya bondeni haikupuliziwa. Maua yote yamekauka kwa ugonjwa wa ubwiri."

Akaniaga vizuri tu.

Risiti nyingine zote za salfa zimeandikwa "mteja wa taslimu". Hazina majina.

Nimekaa hapa kaunta.

Nyie mngeanza kumtafuta nani?