Heledd Haingizi Katapila Shambani Bila Kuuliza Jina

Saa mbili asubuhi, Heledd Prosser anazima injini ya katapila lake kabla hata hajachimba. Kaskazini kidogo ya kijiji cha Llanybydder, katika nchi ya Wawelisi, vigingi vya msingi wa nyumba vimeshapigwa, na mwenye shamba, Elwyn Bevan, anamtazama kwa mshangao.

Heledd amemuuliza swali moja tu: shamba hili linaitwaje?

“Cae Wern,” anajibu Elwyn. “Kwa nini?”

Cae ni shamba, na Wern ni gwern, mti unaopenda kusimama majini. Zamani watu waliuona mti huo wakaliita hivyo shamba lenyewe, na mti ukishakatwa, jina hubaki. Heledd anamshauri asijenge hapa.

Elwyn anasema ana miaka sitini na hajawahi kuuona mti huo hapa. Nyumba ni ya bintiye, Lowri, anayefunga ndoa mwezi Mei.

“Mama, nimekuita uchimbe, sio unifundishe Kiwelisi.”

“Basi nichimbe shimo moja, kaka. Likiwa kavu, leo nimefanya kazi bure.”

Heledd, mwenye umri wa miaka 52, ameendesha katapila kwa miaka 28. Mwaka wa sita alilizamisha hadi milangoni katika shamba liitwalo Y Gors. Matrekta mawili yalilivuta siku moja na nusu, na tangu hapo kijiji kizima kinamwita Heledd Gors.

Shangazi yake Tegwen, aliyekuwa tarishi wa barua, hakumwonea huruma. Alimwambia kwamba gors ni kinamasi, jina liko langoni, na yeye amelipita kama pambo tu.

Ndipo shangazi akaanza kumfundisha. Kwamba llan, kabla ya kumaanisha kanisa, ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa ua, ndiyo maana zizi la kondoo ni corlan. Kwamba pont, daraja, ni neno walilotuachia Warumi. Leo daftari la Heledd lina majina 412 ya mashamba.

Katika kina cha mita moja na nusu, ndoo ya katapila inatoa tope jeusi na kigogo kilichooza. Maji yanapanda taratibu shimoni hadi karibu na ukingo, mbele ya buti za Elwyn. Elwyn anacheka mpaka anashika kiuno.

“Usimwambie Lowri nilibisha,” anasema.

Wanahamishia vigingi juu, Cae’r Odyn, shamba la tanuri. Huko Heledd anakuta mawe yaliyoungua na udongo mgumu, mkavu. Saa sita Elwyn analeta chai na mkate wa zabibu, na yeye mwenyewe anaanza kumtajia majina mengine ya mashamba yake. Heledd anaandika kwa mikono yenye tope.

Anapanga kupumzisha katapila wiki mbili mwezi huu, awazungukie wazee walio peke yao mashambani na kuandika majina wanayoyakumbuka, kwa kuwa watoto wao wanayajua mashamba kwa namba za ramani tu.

“Kazi ya kuchimba itaningoja,” anasema. “Bwana Idwal wa kule juu ana miaka tisini na tatu. Naanza naye Jumatatu.”